Gari bila AC kwenye foleni ya Kilwa Road

Swali: "Fundi shikamoo. Nina Toyota IST ya 2004, nyeusi. AC ilikufa Novemba, fundi wa mtaani akaniambia kompresa (ile pampu ya AC) imekwisha, na bei aliyonitajia sitaipata kabla ya Juni. Natoka Mbagala Rangi Tatu saa 12 na nusu asubuhi na watoto wawili nyuma. Mkubwa namshusha shuleni Kurasini, mdogo wa miaka 2 namwacha kwa bibi yake Upanga, mimi naenda kazini Posta, gari inashinda juani. Saa 11 jioni nikifungua mlango ni oveni kabisa. Jirani kanishauri niweke chupa za barafu mbele ya kifeni cha USB. Shemeji anasema dawa ni tinti nyeusi tii vioo vyote. Siku hizi nafika nyumbani kichwa kinagonga, na mdogo katoka harara shingo nzima. Nifanyeje mpaka joto lipungue?"

Jibu: Marahaba mama, na pole na foleni. Naanza na barafu ya jirani yako, kwa sababu ukiielewa hiyo mengine mengi yatajieleza.

Kilojuli ni kipimo cha joto, na kilo moja ya barafu ikiyeyuka hufyonza kilojuli 334. Chupa ya lita moja na nusu, basi, ina uwezo wa kufyonza kama kilojuli 500. Ukiisikia namba hiyo unaona ni kubwa. Lakini AC ya gari dogo ikiwa nzima huondoa kilojuli 3 hivi kila sekunde. Piga hesabu: chupa yako, hata ikiyeyuka mpaka tone la mwisho, imefanya kazi ambayo AC ingeimaliza kwa muda usiofika dakika 3. Na wakati huo huo jua linaingiza joto jipya kupitia kioo cha mbele, paa limechemka juu ya vichwa vyenu, na vioo umeshavishusha maana bila hivyo hakukaliki. Ubaridi wa chupa unatokea dirishani hata Zakhem hamjafika. Wako wanaofunga vioo ili wasiupoteze. Matokeo yake pumzi na jasho la watu watatu vinajaza unyevu ndani, na hali inakuwa mbaya kuliko walivyoanza.

Sasa chukua chupa hiyo hiyo uipeleke kwa mtu. Mwili wa mtu mzima aliyekaa kitini hutoa joto la wati 100 hivi, yaani kilojuli moja kila sekunde 10. Zile kilojuli 500 ambazo kwa gari ni dakika 3, kwa mwili wako ni joto la zaidi ya saa nzima. Hutaweza kuzitumia zote, nyingine zitapotea hewani, lakini hata robo yake utaisikia. Kwa hiyo ushauri wangu mzima ni huu: achana na kulipoza gari, wapoze watu waliomo. Gari lenyewe lifanyie mambo mawili tu, lizuie kuchemka na lifungulie njia ya kutoa joto lililokwishaingia.

Chupa usiiweke mapajani wewe unayeendesha. Ikiteleza ikaingia chini ya pedeli ya breki, joto litakuwa tatizo dogo. Dereva avae taulo dogo lililoloweshwa maji ya barafu na kukamuliwa, lizunguke shingo, na chupa yenyewe iwe kwenye kapu la baridi la watoto kwa ajili ya kulilowesha tena mkifika Mtongani. Mkubwa anaweza kushika chupa ndogo iliyofungwa kitambaa. Mdogo mpanguse tu shingo, kwapa na mikunjo ya viwiko kwa kitambaa chenye maji ya kawaida, kisha mkaushe kwenye mikunjo, maana harara hupenda ngozi inayobaki na majimaji. Usimpake mafuta mazito asubuhi kabla ya safari, kwa kuwa yanaziba vitundu vya jasho.

Barafu tumeimaliza, twende kwenye jasho lenyewe. Gramu moja ya jasho ikikauka juu ya ngozi huondoka na joto la kilojuli 2.4. Yaani jasho la glasi moja ndogo, mililita 200, likikauka lote mwilini, linafanya kazi ya chupa nzima ya barafu, na hukulipia umeme wa friji. Neno la kushikilia hapo ni "likikauka". Jasho linalochuruzika mgongoni na kulowesha kiti halikupozi, linakupunguzia maji ya mwili bure. Na hapa kwetu pwani, kuanzia Desemba mpaka Machi kaskazi inapovuma, hewa ina unyevu mwingi kiasi kwamba haina haraka ya kupokea mwingine. Mtu wa Dodoma akitundika kitambaa kibichi dirishani anapata upepo baridi kweli, hewa yao kavu inakunywa maji. Wewe ukikitundika Mbagala unapata kitambaa kibichi.

Dawa ya pwani ni mwendo wa hewa. Joto la mchana Dar es Salaam mwezi Februari huwa nyuzi 32 au 33, na ngozi yako iko kwenye 34 au 35. Tofauti ni ndogo, lakini inatosha: upepo wowote unaokupiga bado unakutoa joto. Ndugu zetu walioko Muscat hawana bahati hiyo. Kule Juni hewa ikipita nyuzi 40, ukishusha kioo unajipuliza joto. Kwa hiyo kile kifeni cha USB usikitupe, jirani yako kakosea barafu tu. Kifunge mahali kinapokupiga usoni na kifuani moja kwa moja, na nunua kingine chenye wavu mdogo usiopitisha vidole, kibane kichwani mwa kiti cha mbele kielekee watoto. Kifeni kinachopuliza hewa tupu katikati ya gari hakimsaidii mtu.

Barabara ikifunguka, usishushe vioo vyote vinne hadi chini. Shusha cha mbele upande mmoja kiasi cha kiganja, na cha nyuma upande wa pili zaidi kidogo, hewa ikate gari kwa mshazari ikipita juu ya miili yenu. Ukishusha cha nyuma peke yake utasikia mdundo unaopiga masikio, na watoto watalia. Hapo teremsha cha mbele kidogo na mdundo utakatika. Kwenye foleni ya Bendera Tatu unajua mwenyewe habari za simu kunyakuliwa, kwa hiyo simu isikae pajani wala kwenye kishikio cha dashibodi karibu na kioo kilicho wazi, na mkoba uwe sakafuni nyuma, miguuni pa mdogo. Kitu kimoja usikifanye hata siku moja, hata kama madereva wengine wanafanya: kuendesha na mlango wa buti umeachwa wazi ili hewa ipite. Nyuma ya gari linalotembea hewa hujizungusha na kurudi ndani, na inaurudisha moshi wa ekzosi yako mwenyewe.

Hilo linanileta kwenye kichwa chako. Watu wengi wangekuambia ni jua na kiu, na huenda ni kweli. Kunywa maji kidogo kidogo kuanzia saa 9 alasiri, usisubiri kiu ya njiani. Lakini gari la miaka 20, vioo wazi, foleni ya lisaa, na kichwa kinachogonga kila jioni, mimi kwanza natazama ekzosi. Kaboni monoksidi, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi wa gari, haina harufu wala rangi. Jiulize: kichwa kinapungua ukikaa nje kama saa moja? Watoto wanafika wamelegea na kusinzia kuliko kawaida? Siku za Jumapili usipoendesha huna tatizo? Kama majibu ni ndiyo, usingoje mwisho wa mwezi. Gari lipandishwe, fundi atazame maungio yote ya bomba kuanzia kwenye injini mpaka nyuma. Pale panapovuja huwa pana masizi meusi yaliyochora mstari kama wa penseli kwenye kiungo, na injini ikiwashwa ikiwa baridi utasikia sauti ya "tsi tsi tsi". Na atazame mpira unaozunguka mlango wa buti kama umepasuka. Kama ekzosi ni nzima na kichwa kinaendelea, nenda hospitali ukapimwe, presha ikiwemo.

Sasa ndani ya dashibodi. Hapa ndipo wenye magari bila AC wanapopoteza zaidi, na marekebisho yake ni ya bei ya soda. AC kufa hakujaua bloa, ile feni inayosukuma hewa kwenye matundu. Iwashe. Kama inafanya kazi namba 4 tu na namba za chini ziko kimya, rezista yake imeungua, ni kifaa kidogo karibu na bloa na hakihitaji kushusha dashibodi. Kisha tazama kile kitufe chenye picha ya gari na mshale unaojikunja ndani. Ulikuwa unakiwasha wakati wa AC ili hewa baridi izunguke. Bila AC lazima kizimwe, hewa iingie kutoka nje. Nimefungulia watu wengi milango ya gereji wakilalamika bloa "inapuliza joto", kumbe inawapulizia hewa ile ile waliyoivuta na kuitoa tangu nyumbani. Kiwashe pale tu unapokwama nyuma ya lori linalofoka moshi, halafu kizime mkiachana.

Fungua na kile kidroo cha mbele ya abiria. Kwenye gari lako ukikiondoa, nyuma yake kuna kifuniko chembamba cha plastiki, na ndani ya kifuniko kuna filta ya hewa ya kabini. Vuta taratibu, maana kitakachomwagika utakipangusa wewe. Filta ambazo hazijaguswa tangu gari lishuke bandarini huwa nyeusi, zimejaa majani ya mwarobaini, vumbi lililogandamana na wakati mwingine manyoya ya panya aliyelala humo. Bloa haiwezi kupitisha hewa hapo hata ikilia kiasi gani. Weka mpya. Ile ya zamani usiioshe kuirudisha, karatasi yake ikilowa inaota ukungu, na ukungu huo ataupumua mwenye miaka 2.

Baada ya hapo fanya jaribio hili. Asubuhi injini ikishapata moto, bloa namba 2, hewa ya nje, kirungu cha joto kizungushe mpaka mwisho kwenye ubaridi. Weka mgongo wa mkono kwenye tundu la dashibodi, hesabu mpaka kumi, kisha utoe mkono nje dirishani. Hewa ya tundu inaweza kuwa na joto kidogo kuliko ya nje, hiyo ni kawaida kwa sababu inavutwa karibu na boneti. Ikiwa ni ya moto kweli, unaendesha na hita imewaka Februari. Nyuma ya dashibodi kuna rejeta ndogo ambamo maji ya injini yenye nyuzi karibu 90 hupita. Kwenye magari mengine vali ndiyo huyazuia maji hayo, kwenye mengine kuna kibao kinachokata hewa isiipitie rejeta hiyo. Vyote viwili mara nyingi huendeshwa na waya kutoka kwenye kirungu, na waya ukilegea au kuteleza, kirungu kinafika mwisho lakini kibao kimesimama njiani. Fundi akaze waya. Asipoweza, zile hozi mbili za maji ya hita zinazopita kwenye ukuta unaotenga injini na ndani ya gari zinaweza kuunganishwa zenyewe kwa zenyewe ili maji yasiingie kabisa ndani. Kwa Dar inawezekana, ila mimi naiweka ya mwisho, na sababu nitaisema nikifika kwenye masika.

Upande wa jua sasa. Tanzania dereva anakaa kulia. Asubuhi ukitoka Mbagala unaelekea kaskazini, jua la mashariki liko mkono wako wa kulia. Jioni ukirudi unaelekea kusini, jua la magharibi liko wapi? Kulia tena. Mtu wa Tegeta anayeshuka na Bagamoyo Road anapigwa kushoto asubuhi na kushoto jioni, kiti cha abiria ndicho kinachoungua. Wa Kimara linampiga usoni kwenda na usoni kurudi. Nyie wa Kilwa Road mnachomwa ubavu wa kulia mara mbili kwa siku, na mtoto aliyekaa nyuma ya dereva anachomwa pamoja na wewe. Ulivyoandika sijui mdogo kakaa wapi, lakini kama kiti chake kiko kulia, kihamishe kushoto leo hii. Kisha nunua vile vivuli vya wavu mweusi vinavyovalishwa mlango wa nyuma kama soksi, uvalishe wa kulia. Kioo kinashuka, upepo unapita, jua linabaki nje. Wewe mwenyewe vaa shati la pamba la mikono mirefu lililo pana, au jitupie mtandio mwepesi begani. Ngozi iliyofunikwa kwa kitambaa chembamba haipati joto kama iliyo wazi kwenye jua la moja kwa moja.

Gari linaloshinda juani lina hesabu zake. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, waliweka magari juani na kivulini siku zenye joto la zaidi ya nyuzi 37. Baada ya saa moja juani hewa ya ndani ilifika wastani wa nyuzi 47, usukani 53, viti 51, na dashibodi 69. Kivulini dashibodi ilikuwa 48 na usukani 42. Dar haifiki joto la Arizona, lakini jua letu la Februari halina mzaha: mwanzoni mwa Machi linapita utosini kabisa saa sita mchana, likipiga paa wima. Tazama dashibodi ilivyozidi vingine vyote. Ndiyo jiko lenyewe, imelala chini ya kioo kikubwa kuliko vyote, na inaendelea kupasha hewa hata baada ya jua kuondoka. Kwa hiyo kile kikinga jua cha kukunja chenye upande wa kung'aa, kiweke kila siku bila kukosa, upande wa kung'aa utazame nje, kikifika kona zote za kioo. Usukani uutupie kanga. Vifungo vya chuma vya kiti cha mtoto vizibe kwa kitambaa, kwenye jua vinaunguza ngozi.

Kuacha vioo wazi kidole kimoja hakusaidii kama watu wanavyodhani. Utafiti mwingine wa Marekani, wa Chuo Kikuu cha Stanford mwaka 2005, ulipima hilo na kukuta hakuna tofauti ya maana. Joto lilipanda nyuzi 22 ndani ya saa moja, na sehemu kubwa ya hizo ilipatikana nusu saa ya kwanza. Mjini Posta sioni faida ya kumwachia mwizi nafasi ya waya kwa ajili ya nyuzi mbili tatu. Mtafutie gari kivuli cha saa 11 jioni, usidanganywe na cha saa 2 asubuhi. Asubuhi kivuli cha ghorofa kinalala magharibi, watu wote wanakikimbilia, ifikapo saa 6 hakipo. Wewe egesha upande wa mashariki wa jengo. Asubuhi gari litapigwa jua, lakini kuanzia saa 8 au 9 jengo litaanza kulifunika, na litakuwa limepumzika kwa saa mbili ukifika. Mwembe una kivuli kizuri ila msimu wake unaujua. Chini ya mnazi, hapana.

Rangi nyeusi inachangia, sikufichi. Maabara ya Lawrence Berkeley ya Marekani mwaka 2011 ilifananisha gari jeusi na la fedha la aina moja, na baada ya saa moja juani hewa ya ndani ilitofautiana kwa nyuzi 5 hadi 6. Usilipake rangi upya kwa sababu hiyo. Kivuli ni bure.

Ukifika jioni usiingie papo hapo. Shusha kioo cha nyuma kushoto, kisha ufungue na kufunga mlango wa dereva mara tano sita kwa nguvu ya kupunga, bila kuubamiza. Kila unapofunguka unavuta hewa ya moto nje, na mpya inaingia kule. Pangusa usukani na dashibodi kwa kitambaa kibichi. Dakika chache za mwanzo vioo vyote vinne chini na bloa juu, halafu urudi kwenye ule mshazari. Usimwagie maji baridi kioo cha mbele kilichochemka, kama kina kijipasuko cha jiwe ufa utatembea. Na ukiwa na kava za leza, zile zinazong'aa, ondoa angalau ya kiti chako. Hazipitishi hewa, na mgongo ndio sehemu kubwa ya mwili wako isiyopata upepo. Kile kiti cha shanga za mbao wanachotumia madereva wa teksi kinachekwa, lakini kinaacha nafasi kati ya mgongo na kiti, na nafasi hiyo ndiyo inayokausha jasho.

Ndani ya gari usiache kiberiti cha gesi, pafyumu ya kupuliza, pawabenki wala dawa za watoto. Na mtoto hata kwa "naingia dukani dakika mbili" usimwache. Mwili wa mtoto mdogo hupanda joto mara 3 hadi 5 kwa kasi kuliko wa mtu mzima, na Marekani, ambako wanahesabu, zaidi ya watoto 30 kwa mwaka hufa namna hiyo, wengi wao wakiwa wamesahauliwa na wazazi wanaowapenda. Wewe unashusha wawili sehemu mbili tofauti, na mdogo akisinzia hana sauti. Mkoba wa kazini uweke nyuma, miguuni pake. Hutaingia ofisini bila mkoba.

Shemeji na tinti yake. Weusi na uwezo wa kuzuia joto ni vitu viwili. Karibu nusu ya nguvu ya jua inakuja kama miali isiyoonekana kwa macho, na ile karatasi nyeusi ya bei rahisi inazuia mwanga zaidi kuliko inavyozuia miali hiyo. Tena mwanga inaounyonya unageuka joto kwenye kioo, na kioo kinawapasha nyie. Zipo karatasi za seramiki zinazokata miali ya joto huku zikiacha kioo kikiwa kinaonekana vizuri, ila ni ghali, na usipoendesha na vioo vimefungwa hazina kazi. Kioo ulichokishusha hakina tinti. Halafu usiku wa mvua, bodaboda bila taa, vioo vyeusi tii: hapana mama. Fedha hiyo itie kwenye AC.

Na hiyo AC siamini bado kuwa kompresa imekufa. Fanya hivi: injini ikiwa imewaka, fungua boneti, mtu mwingine awashe bloa na abonyeze AC. Tazama puli ya kompresa. Ukingo wa nje unazunguka na mkanda wakati wote. Bamba la mbele yake limesimama, na AC ikiwashwa linapaswa kunaswa kwa mlio wa "tak" na kuzunguka pamoja nao. Lisiponaswa, kompresa haijathibitika kuwa mbovu, huenda haijapewa amri tu. Mara nyingi sababu ni gesi kupungua, maana kuna swichi ya presha inayokataa kuwasha mfumo ukiwa mtupu. Au fyuzi, au rilei, ile swichi ndogo ya umeme. Gesi hiyo haitumiki ikaisha. Mfumo umefungwa, na ikipungua pana tundu. Tafuta mafuta: gesi inapovuja hutoka na mafuta ya kompresa, yanashika vumbi na kuacha doa jeusi la unyevu kwenye kiungo, au kwenye kondensa, ile kama rejeta ya AC iliyo mbele ya rejeta ya injini, ambako mawe na hewa ya chumvi hula vipande vya alumini. Fundi akikuambia "tujaze gesi tu" bila kutafuta tundu, umenunua ubaridi wa wiki chache. Akitaka kujaza gesi ya kupikia, chukua funguo zako, gesi ile inalipuka.

Kompresa iliyokufa kweli inajulikana kwa geji mbili za kupimia presha ya gesi. Bamba limenaswa, inazunguka, lakini geji ya presha ndogo haishuki na ya presha kubwa haipandi. Au inakwaruza na kulia kwa chuma. Ikiwa ni hiyo ya kulia, iambie gereji itafute suluhisho mapema hata kama AC huihitaji, kwa sababu ikijigandisha inaweza kukata mkanda, na kwenye magari mengi mkanda huo huo ndio unaozungusha altaneta inayochaji betri na pampu ya maji. Mwombe fundi akuoneshe kimojawapo cha hivyo kabla hujatoa hela. Asipokuwa na geji, si fundi wa AC.

Masika yakianza Machi joto litapungua na utapata adui mwingine, ukungu ndani ya kioo cha mbele, maana AC ndiyo iliyokuwa inakausha hewa. Hapo ndipo utaihitaji ile hita niliyokuambia usiikate ovyo: hewa ya nje, bloa ielekezwe kwenye kioo, joto kidogo, na vioo viwili vimeshushwa upana wa kidole. Hita hiyo hiyo itakusaidia pia kama sindano ya joto la injini ikianza kupanda kwenye foleni. Washa hita yote, vioo chini, pembeni ukapaki, na kifuniko cha rejeta usikiguse mpaka injini ipoe kabisa. Kioo kipanguse kwa ndani usiku kabla, kwa kitambaa chenye tone la sabuni ya vyombo, kisha ukisugue kwa kikavu mpaka kiwe safi. Ukungu hushika haraka zaidi kwenye kioo chenye mafuta na vumbi, na cha kwako, kwa miezi hii ya vioo wazi, lazima kina vyote viwili.